"TUPE" NA "POKEA": Juu ya Yatarajiwayo katika Ibada ya Pamoja

Kiswahili chatofautisha waziwazi jambo ambalo Kiingereza cha leo hakilitofautishi, yaani mtu mmoja anayeambiwa na watu wengi wanaoambiwa. Asemaye "njoo" amemwita mtu. Asemaye "njoni" amewaita watu. Mtoto wa shule aijua tofauti hii, wala hakuna mwalimu atakayeona taabu kuifundisha. Lakini itokapo katika kitabu cha sarufi na kuingia nyumba ya ibada, huwa jambo zito, kwa kuwa hapo ndipo ijulikanapo kama waliokusanyika ni kundi moja mbele za Mungu, au ni watu mia walioketi karibu karibu, kila mmoja na haja yake.

Katika Dodoma na vijiji vya uwanda wa kati husikiwa siku hizi maneno mawili juu ya baraka za Mungu. La kwanza ni "tupe" au "utupe", neno la vitabu vya sala, ambalo Wakristo wa nchi hii wamelizoea tangu C.M.S. ilipoanza kazi yake Mpwapwa katika miaka ya 1870. La pili ni "pokea", neno la wahubiri wa mikutano ya injili, litamkwalo kwa sauti kuu na kufuatwa na jina la kipawa: pokea uponyaji, pokea kazi, pokea muujiza wako. Nia yetu hapa ni kuyapima maneno haya mawili kama watu wapimavyo maandishi, tukiuliza kila moja lamfundisha Mkristo kutazamia nini anapokwenda kumwabudu Mungu pamoja na wenzake. Imani ya wale wayasemao hatuipimi. Hiyo ina Mpimaji wake.

Kwanza yafaa tuwe na istilahi iliyo sawa. Kuna vitenzi vitatu vilivyo jirani: kungoja, kutaraji na kudai. Angojaye aweza kungoja bila kujua kitakachokuja. Atarajiye anajua anachokitazamia, tena anayo sababu, walakini hana hati mkononi. Adaiye anayo hati: alitoa kitu, na sasa ataka alipwe. Neno "ibada" lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni utumishi, kazi ya mtumwa mbele ya bwana wake, na mtumwa hana hati ya kumdai bwana. Mkristo lakini amepewa ahadi, na aliyeahidi amemwita mwana; kwa hiyo hasimami mbele zake kama mtu asiye na tumaini. Basi kutaraji ndilo neno letu. Ni zaidi ya kungoja, na ni pungufu ya kudai.

Katika Ugogo neno hili hujaribiwa kwa mvua. Mvua ya huku ina msimu mmoja tu, tangu mwisho wa Novemba au Desemba hata Aprili, na katika mwaka wa kawaida kipimo chake ni kama milimita 550 au 600. Mara nyingi huanza vema, kisha hukatika Januari au Februari, mtama na uwele vikiwa vingali vichanga. Hapo mwenye ng'ombe huuza ng'ombe, na asiye na ng'ombe hufunga mfuko wake akaenda kuhemea mbali. Mtu aliyeketi kanisani katika majuma hayo hakuja kusikiliza maneno mazuri. Amekuja na swali moja, na mchungaji akipanda mimbarani bila kulijua, amepanda bure.

Kabla ya Kanisa kuja, swali hilo lilikuwa na mahali pake. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, aliandika habari za mila za watu wake katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1954, na Peter Rigby alizichunguza tena katika kitabu chake cha mwaka wa 1969. Kila nchi ndogo ilikuwa na mtu wake mwenye dhamana ya mvua na rutuba, na tambiko lilikuwa la nchi nzima. Mvua haikuombwa ili iangukie shamba la fulani. Hilo yatupasa kulikumbuka sana, kwa maana Mgogo alipoingia Kanisani hakuwa na haja ya kufundishwa ya kuwa mvua huombwa na wote kwa ajili ya wote. Alilijua tangu nyumbani kwao. Alilokuwa na haja ya kufundishwa ni Nani aombwaye, na kwa njia ya nani.

Sasa tuitazame sala ya mvua katika Kitabu cha Sala cha Waingereza cha mwaka wa 1662, ambacho ndicho kilichokuwa msingi wa ibada za Waanglikana wengi wa nchi hii kwa miaka mingi. Sala ile ni fupi sana. Yaanza kwa kumwita Mungu Baba, kisha mara moja yataja ahadi ya Kristo, ya kuwa wautafutao ufalme na haki yake watapata yaupasayo mwili. Baada ya ahadi ndipo lije ombi, na ombi ni la mvua ya kiasi. Mwisho yatajwa makusudi: sisi tufarijike kwa mazao ya nchi, na Mungu aheshimiwe.

Mambo mawili yastahili kuangaliwa. La kwanza ni kwamba ombi lasimama juu ya ahadi, na ahadi ile ina sharti ndani yake, yaani kuutafuta ufalme na haki. Waombao hawawezi kuisema sala hii kwa midomo huku wamefunga ghala zao kwa jirani, isipokuwa wajihukumu wenyewe. La pili ni neno "kiasi". Msomaji aweza kudhani kuwa ni neno la kisiwa chenye mvua nyingi, lisilofaa nchi kavu kama hii. Tena sala ifuatayo katika kitabu kile ni ya kuomba mvua ikome. Lakini aliyeona mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, yaliyoiharibu reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe na kuwatoa watu makwao, ajua kuwa uwanda huu nao huhitaji neno "kiasi". Maji yaliyochelewa miezi miwili huweza kuja yote kwa usiku mmoja, yakachukua udongo pamoja na mbegu.

Walakini sala hii ina upungufu wake, nasi tusiufiche. Haina kilio. Zaburi nyingi zamwuliza Mungu hata lini, na kumwambia wazi kuwa yaonekana amewasahau watu wake. Sala ya mvua yapita upesi toka ahadi mpaka ombi, kana kwamba aombaye hajazika mtu. Katika nchi ya njaa za mara kwa mara, mchungaji aisomaye peke yake, bila zaburi ya maombolezo mbele yake, awapa watu maneno yaliyo sahihi ambayo hayatoshi.

Kinachotarajiwa katika kusanyiko lenyewe chaelezwa vizuri zaidi katika sala nyingine, iitwayo ya Mtakatifu Krisostomo. Ilitoka katika ibada za Wayunani, ikaingizwa katika Litania ya Kiingereza mwaka wa 1544, na kitabu cha 1662 kikaiweka mwishoni mwa sala za asubuhi na za jioni. Ndiyo kusema, watu wakiisha omba yote waliyo nayo, sala hii huwafundisha jinsi ya kuyaacha mikononi mwa Mungu. Yataja neno la Kristo juu ya wawili au watatu waliokusanyika kwa jina lake. Kisha yaomba haja zao zitimizwe kwa kadiri itakavyowafaa. Mwisho yaomba vitu viwili ambavyo havikuwekewa kadiri yo yote: kuijua kweli ya Mungu katika ulimwengu huu, na uzima wa milele katika ulimwengu ujao. Hapa pana elimu nzima ya kutaraji. Vitu viwili huombwa bila kadiri; vingine vyote, mvua ikiwamo, huombwa kwa moyo wote na kuachwa kwa Yeye ajuaye lifaalo. Mwalimu aliyeifahamu sala hii vema ana jibu kwa yule aulizaye kwa nini tuliomba na mvua isije. Si jibu la kumnyamazisha, ila laweza kumzuia asidhani kuwa amedanganywa.

Twende sasa kwa neno "pokea". Lina sifa yake, na ni haki kuitaja kwanza. Neno "tupe" huweza kuwa kichaka cha kujifichia: mtu akasema "tupe" miaka ishirini, na pasiwe na mtu hata mmoja aliyejua kuwa mwanawe ni mgonjwa. Mhubiri asemaye "pokea" humtazama mtu usoni. Huutaja ugonjwa wake kwa jina lake, deni lake kwa jina lake. Wengi waliokwenda kwenye mikutano hiyo hawakuvutwa na vipaza sauti. Walivutwa kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Mungu kuwauliza wana shida gani. Lawama hiyo ni yetu sisi wa vitabu, wala haifai kuisukuma kando.

Lakini lipimwe kama sentensi. "Tupe" lina wawili ndani yake: Mungu apaye na sisi tupewao. "Pokea" lina mmoja tu, yule apokeaye. Mpaji hatajwi, na asemaye ni mhubiri. Kwa hiyo msikilizaji asiye mwangalifu atamweka mhubiri mahali pa mpaji. Tena ni amri, na amri husemwa kwa aliye na uwezo wa kutenda. Basi kama kipawa hakikuja, kosa litakuwa la nani ila la yule aliyeamriwa akapokee asipokee? Na katika "muujiza wako", kile kivumishi cha kumiliki kimekwisha kuligeuza ombi kuwa deni. Kitu ni changu, kimezuiliwa mahali, nami nakidai. Mama aliyefiwa na mtoto baada ya mkutano wa namna hiyo hurudi nyumbani na mizigo miwili, wa kwanza msiba, wa pili shutuma ya kuwa hakuwa na imani ya kutosha. Mzigo wa kwanza hakuna awezaye kumwondolea. Wa pili ametwikwa na maneno ya watu, na maneno ya watu yaweza kuongozwa.

Liko na jambo la tatu, nalo ndilo kubwa. "Pokea" husemwa kwa mmoja hata pale panapokuwa na watu elfu. Kila mmoja afumba macho, anyosha mikono, na jirani yake hayumo katika sentensi. Watu wamekuja pamoja, lakini hawakutarajia kitu pamoja.

Ubaya wa jambo hilo huonekana wazi wakati wa njaa. Wagogo huikumbuka njaa iliyofuata Vita Kuu ya kwanza kwa jina la Mtunya. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Ndipo mvua ikakosa, na homa ya mafua ya mwaka wa 1918 ikawapitia watu waliokwisha kudhoofika. Yakadiriwa kuwa watu wapatao 30,000 walikufa katika Ugogo mpaka njaa ilipokoma mwaka wa 1920. Jina lenyewe, kama wanahistoria walivyolieleza, lataja kugombania, watu wakinyang'anyana kidogo kilichobaki. Tuangalie mambo mawili hapo. Njaa ile haikutoka mbinguni peke yake, maana mvua ilikosa juu ya ghala ambazo binadamu walikwisha kuzikomba. Na njaa ilipofika haikuua kwa kukosa chakula tu, bali iliwatawanya watu, kila mmoja akajitafutia.

Mtume Paulo aliiona hali kama hiyo katika Korintho, tena ndani ya ibada. Katika mlango wa 11 wa Waraka wa Kwanza awalaumu waumini ya kuwa kukusanyika kwao kwawadhuru kuliko kuwafaidi, kwa sababu kila mtu atangulia kula chake, huyu akabaki na njaa na yule akalewa. Nabii Amosi naye alisema habari ya sikukuu ambazo Mungu hazipendi kwa kuwa haki haimo kati ya wale waziadhimishao. Kwa hiyo si kweli kwamba ibada ya pamoja huwafaa watu sikuzote. Huweza kuwadhuru, na dhara huanza pale kila mtu atakapokuja na mkono wake mwenyewe kugombania baraka. Kinyume cha Mtunya si shibe. Kinyume cha Mtunya ni kusanyiko.

Palikuwa na watu katika nchi hii waliolifahamu jambo hilo. Katika miaka ya 1940 Festo Kivengere wa Kigezi, aliyepata kuwa Askofu baadaye, alikuja Dodoma kufundisha shule, naye alikuwa mtu wa ule uamsho ulioanza Gahini katika Ruanda. Watu wa uamsho walitarajia jambo moja wazi kila walipokutana: kwamba mtu ataungama dhambi yake mbele ya wenzake, na mwenye kushika mali ya mtu atairudisha. Walilaumiwa, na pengine kwa haki, kwa kuwahukumu wasiosema kama wao. Hata hivyo tarajio lao halikuwa la kugombania. Mbuzi aliyerudishwa kwa mwenyewe ni tunda la ibada liwezalo kuhesabiwa.

Lakini twalisifu neno "tupe" bure tusipouliza ni nani waliomo ndani ya ile silabi "tu". Bibi kizee wa kijijini asiyejua Kiswahili vema, aketiye nyuma wakati sala zikisomwa, je, yumo? Biblia nzima imekuwapo kwa Cigogo tangu mwaka wa 1962, na Paulo katika mlango wa 14 wa waraka ule ule auliza asiyeelewa ataitikiaje Amina. Kiswahili kimewaunganisha Wagogo na Warangi na Wakaguru na wageni wa mjini, nacho ni zawadi kwa Kanisa. Lakini kijijini zawadi hiyo yaweza kuwa ukuta. Kadhalika ngoma. Kwa muda mrefu muheme, ngoma ya wanawake, ilifungiwa nje ya kanisa kwa sababu ya kuhusiana kwake na unyago, na zeze na marimba vikatiliwa shaka pamoja nayo. Sababu za wazee wale hazikuwa za kipuuzi. Lakini uimbaji wa Cigogo hujengwa kwa sauti nyingi zinazopandana, mmoja akianza na wengine wakimjibu, hata wimbo hauwi wimbo mpaka wote wawemo. Watu wenye mwalimu wa namna hiyo nyumbani kwao walipewa nyimbo za kigeni na kuambiwa wajifunze kuabudu pamoja. Siku hizi kwaya nyingi zimezirudisha ala hizo, nasi twafurahi, mradi zisirudishwe kuwa mapambo ya sikukuu tu.

Huenda msomaji akauliza: je, Zaburi hazisemi "mimi" na "wangu" kila mahali? Zasema. Lakini "mimi" wa Zaburi huimbwa na watu wengi, na kilio cha mmoja hutiwa vinywani mwa wote. Mwenye afya huimba maneno ya mgonjwa mpaka yawe yake. Na kitabu cha 1662 chenyewe chamjua mtu mmoja. Kiingereza cha wakati ule kilikuwa kikitofautisha mmoja na wengi kama kifanyavyo Kiswahili. Katika Ushirika Mtakatifu watu huungama kwa "sisi", husamehewa kwa "ninyi", na wakiisha kupiga magoti mezani, kila mmoja huambiwa kwa nafsi ya pekee kwamba mwili ule ulitolewa kwa ajili yake yeye, atwae ale. Basi neno "pokea" linayo nyumba yake, nayo ni pale mezani. Hapo aambiwaye ni mmoja, lakini ametanguliwa na toba ya wote, na akipokeacho ni mkate ule ule apokeao aliye kulia kwake na aliye kushoto kwake. Haondoki na chake peke yake.

Basi Wakristo na watarajie nini wakikusanyika? Watarajie Kristo kuwapo, kwa kuwa aliahidi. Watarajie kusikia neno ambalo mtu hawezi kujiambia mwenyewe, na kusamehewa pamoja na wale waliowakosea. Watarajie kutajwa majina yao na mizigo yao, na kutwikwa mizigo ya wengine, ambayo hawakuja kuitafuta. Mvua waiombe bila haya na bila kupunguza maneno, kwa maana Baba hachoki kuombwa. Wala wasiahidiwe na mtu ye yote kuwa itanyesha Alhamisi.

Kwa walimu na mapadre twapendekeza jambo moja jepesi. Siku ya kuomba mvua, zaburi ya maombolezo isomwe kabla ya sala, kwa lugha iliyoeleweka na wote. Na baada ya Amina, kabla watu hawajatoka, wazee wa kanisa waulize ni nyumba zipi zilizokwisha chakula, na ni nani aliye tayari kwenda kuhemea pamoja na wale waendao peke yao. Mvua ikija juma lile, watashukuru pamoja. Isipokuja, hata hivyo kutakuwa na nyumba moja au mbili katika kijiji zilizopika jioni ile kwa sababu watu walikwenda kanisani, na aliyekula humo hatahitaji kufafanuliwa maana ya "tupe".